Vaporizer ya majani makavu: nilivyokosea mara mbili hapa London kabla sijapata inayonifaa, na walioniponza nawataja

Wakuu, heshima mbele.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu anunue vaporizer gani ya mkononi, ile ya majani makavu, iendane na mfuko wake na matumizi yake. Swali zuri kabisa. Akajibiwa na kundi la watu, wote bangi, bangi, na vicheko. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kitu cha kumsaidia.

Nimekaa kimya siku mbili. Leo nipo off, mvua inanyesha, mke wangu mama Zuhura yuko kazini, nimeona niandike.

Haya yote yamenipata mimi mwenyewe. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Shule niliishia la saba, kwa hiyo mtanivumilia kwenye mpangilio, ila uongo sina muda nao. Na majina nayataja, maana hao watu walinitaja mimi sana wakati nimelala hospitali.

Haya twende.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kabla sijaja huku nilikuwa mpiga tarumbeta kwenye bendi ya harusi pale Ngamiani. Harusi ikitoka kwa bibi harusi kwenda kwa bwana harusi, sisi ndio tunatangulia mbele, mtaa mzima unatoka. Nilipokuja London miaka ya tisini, tarumbeta niliipakata kwenye ndege. Nguo ndio ziliwekwa chini na mizigo.

Kazi nikapata ya cleaning kwenye maofisi. Tunaingia alfajiri, tunatoka wenye ofisi wanaingia. Aliyenipeleka ni binamu yangu Masudi.

Huyu ndiye mtuhumiwa namba moja.

Wakati huo sikuwa navuta sigara. Ila supervisor wetu, Terry, alikuwa na utaratibu wake. Wavutaji wanaruhusiwa kutoka nje dakika kumi, mara mbili kwa shift. Asiyevuta anaendelea na mopu. Yaani mapumziko ni ya wenye sigara peke yao. Nilipolalamika Terry akaniuliza, sasa wewe ukitoka nje utakuwa unafanya nini, unaangalia ukuta?

Masudi akanivuta pembeni. "Binamu, shika hii. Wala usivute. Ishike tu, Terry akichungulia aone una sigara."

Wiki ya kwanza niliishika tu.

Wakuu, hakuna mtu anayeishika tu. Miaka kumi baadaye nilikuwa namaliza nusu pakiti kabla jua la London halijatoka, na jua lenyewe la huku mnalijua linavyotoka. Na tarumbeta ipo juu ya kabati, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki wa Rambo.

Majira ya baridi fulani kifua kikakataa. Nimonia. Nililazwa wiki tatu, mask ya oksijeni usoni, mzee wa kitanda cha pili akafariki huku namwangalia. Mimi nikatoka nimeshika ukuta. Daktari aliniambia neno moja tu, kwamba mapafu yangu yamenipa onyo na hayana tabia ya kuonya mara mbili.

Masudi alikuja kunitazama mara moja. Akatoka nje kuvuta. Hakurudi ndani.

Hebu niseme ukweli kama nilivyoahidi: baada ya hapo sikuacha. Nilipunguza, nikajificha, nikanunua pipi za mint. Mama Zuhura alikuwa ananinusa kola kama askari wa bandarini.

Sasa sikilizeni kilichonibadilisha.

Binti yangu Zuhura, tuliyemleta huku ana miaka sita, akaposwa. Kijana mzuri, watu wa Kilwa, wanaishi Walthamstow hapa hapa mtaa wa nyuma yetu. Harusi ikapangwa kiangazi. Jioni moja Zuhura ametoka kazini, akatuwekea mkanda wa video wa harusi yetu mimi na mama yake. Akauangalia mpaka ile sehemu ya bendi. Nipo mbele pale, kijana, mashavu yamejaa, napuliza.

Akasema, "I want that. Nataka hivyo, kutoka mlangoni mpaka ukumbini. And I want it to be you, Baba."

Mama yake akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka kupanda ngazi dakika tano nyuma na bado nilikuwa sijapata pumzi ya kumjibu.

Huku London tuna kabendi ketu ka wazee, kanapiga kwenye harusi za watu wa Pwani. Kiongozi wake anaitwa Chande, mtu wa Mombasa, dereva wa basi. Mtuhumiwa namba mbili. Nilimfuata nikamwambia harusi ya mwanangu napuliza mwenyewe.

Chande akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Bakari ndugu yangu, wewe hata kunisalimia umekata maneno mara mbili. Nitaleta kijana wa Leicester apulize. Wewe baba mtu nitakupa ushike mwavuli."

"Mwavuli?"

"Mwavuli wa bibi harusi. Hauhitaji pumzi."

Wenzake wakacheka sana. Nikarudi nyumbani na hilo neno. Mimi nishike mwavuli, mtoto wa Leicester ampulizie mwanangu.

Ilikuwa mwezi wa pili. Harusi mwezi wa nane. Nikaapa.

Kwa GP, daktari wetu wa mtaani, kuna nesi wa kusaidia watu kuacha sigara. Mama wa Kighana, mkali, anaongea na wewe kama amekuzaa. Akanipa zile patch za kubandika begani. Patch zilifanya kazi yake, siwezi kuzisema vibaya. Mwili ulitulia. Ila mkono haukutulia. Mkono unataka kushika kitu, kifua kinataka kuvuta kitu cha moto. Walioacha wananielewa hapo.

Mama Zuhura akaja na dawa ya kwao. Nyungu. Akachuma majani ya mkaratusi kwenye mti wa jirani (kwa ruhusa), akachemsha sufuria kubwa, akanifunika blanketi. Nikajifukiza. Wakuu, nilisikia kifua kimefunguka kama dirisha. Kiu ya sigara ikakaa kando karibu nusu siku.

Tatizo ni kwamba mvuke ulipanda mpaka kwenye fire alarm. Nyumba nzima ikalia, mpangaji wa juu akatoka na taulo, tukasimama barabarani na baridi ile, mimi na blanketi kichwani. Landlord akatupa onyo la maandishi.

Na hata kama isingelia, nyungu haibebeki. Kiu ya sigara inanikamata kazini, kituo cha basi, foleni ya posta. Utatembea na sufuria?

Ndipo mama mmoja wa Kipolandi kwenye shift yetu akanionyesha kidude chake. Anakiita vaporizer. Unatia majani makavu, kinayapasha moto bila kuyaunguza, unavuta mvuke badala ya moshi. Yeye alitoka kwenye sigara kwa kupitia hapo. Nikakishika, nikasema hii si nyungu ya mfukoni hii?

Kosa langu la kwanza: nilimwambia Masudi.

Masudi akasema anajua pa kuzipata kwa bei ya bure, niache kuhangaika. Jumamosi akanipeleka soko la Walthamstow, mle katikati, kwa jamaa anayeuza cover za simu na miwani. Akatoa kibomba cha kioo, kina tumbo kama balbu. Unatia majani kwenye tumbo, unawasha kiberiti cha gesi chini yake, unavuta.

Bei yake ilikuwa ndogo kweli. Nikachukua. Baadaye nilikuja kujua yule jamaa na Masudi wanafahamiana na Masudi alikula cha juu. Kwenye kitu cha kumwokoa binamu yake mapafu. Naandika hapa ibaki.

Nikatia mnanaa mkavu, nikawasha. Kioo kikawa cheusi, majani yakaungua, nikavuta moshi mzito kuliko sigara yenyewe. Nilikohoa mpaka mama Zuhura akaja na maji.

"Sasa hii na sigara tofauti yake nini?"

"Hii ni ya kioo," nikamjibu.

Hapa mwenzetu uliyeuliza, andika: swali la kwanza sio bei. Uliza moto unatoka wapi na unagusa nini. Ukiona moto unalamba palipokaa majani, wewe bado unavuta sigara, umebadilisha kikombe tu.

Cha pili nilinunua kwa hasira. Nikajisemea mimi si mtu wa vya rahisi, nikaenda Camden kwenye maduka yale ya vifaa vya wavutaji, nikachukua kinachotumia gesi, chuma kizuri kama kalamu nene. Hicho hakikuwa kibaya, nisikionee. Kinapata moto haraka, hakiunguzi ukikijulia, mvuke wake safi. Kina tundu dogo tu la majani, kiasi cha kucha ya kidole gumba.

Lakini sikumwambia muuzaji nafanya kazi wapi, na yeye hakuuliza. Kwenye jengo letu kitu cha gesi hakiingii. Security alikitoa mfukoni kwangu siku ya kwanza, akakiweka kwenye droo mpaka natoka. Kwa hiyo saa ambazo nakihitaji, kinalala kwenye droo. Nikitoka, gesi imeisha au upepo unazima.

Halafu nikakiharibu mwenyewe. Hapa mnaruhusiwa kucheka.

Akili yangu ilikuwa bado iko kwenye nyungu. Kwenye nyungu jani bichi ndio lenye nguvu, si ndiyo? Nikachuma mkaratusi mbichi, nikaukatakata, nikaushindilia mle ndani. Kikachemka. Kikatoa maji ya kijani kwenye mdomo. Nikavuta maji ya moto, ulimi ukababuka.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Ila kuna Mama Salha, jirani yetu, Mzanzibari, anauza udi na vitu vya harusi nyumbani kwake. Mtuhumiwa namba tatu. Alikuja kumpima Zuhura nguo, akanikuta nachokonoa mdomo wa kile kidude kwa sindano.

"Shemeji, hicho si chetezo hicho?"

Nikamweleza.

"Basi majani peke yake ya nini? Tia ubani. Ubani maka, punje mbili. Unafungua kifua, unafukuza na hasidi."

"Mama Salha, kweli?"

"Mie nimezaliwa kwenye moshi wa ubani, utanifundisha wewe wa Tanga?"

Wakuu, ubani ni utomvu. Ukipata moto unayeyuka. Kwenye chetezo una mkaa chini, unaungua ukaisha. Kwenye kile kidude uliyeyuka, ukatiririka ndani kwenye vitundu vyote, ukapoa, ukaganda kama gundi ya seremala. Hakikufunguka tena. Sebule ikanukia harusi kabisa, na mimi nimeshika chuma kilichokufa.

Zuhura akaingia, akanusa. "Oh that's lovely. What is it?"

Mama yake akamwambia, "Ni tarumbeta ya baba yako."

Siku ile nilitoka nje nikavuta sigara. Moja. Nimeahidi ukweli. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi, basi likaja, dereva ni Chande. Akafungua mlango, akaniona na sigara mkononi. Alifanya tu mkono kama mtu anayefungua mwavuli. Akafunga mlango akaondoka.

Nikaitupa ile sigara kabla haijafika nusu. Nadhani huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kunisaidia kwa dharau.

Kesho yake nikapanda Victoria line kutoka kwetu mwisho wa reli mpaka Stockwell, nikabadilisha, nikashuka Tooting Broadway. Niliambiwa kuna mzee wa Kihindi pale ana duka la vitu vya umeme, na upande mmoja wa duka anauza majani makavu ya chai na dawa. Kanubhai. Mzaliwa wa Mwanza. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Chande.

Nikaingia nikasema nataka vaporizer nzuri kuliko zote.

Kanubhai hakuinuka kwenye kiti. "Nzuri kwa nani?"

"Kwangu."

"Wewe sikujui. Kaa."

Nikakaa. Akaagiza chai. Kisha akanihoji kama uhamiaji, ila kwa upole.

Utakuwa unatumia wapi, ndani au nje? Nikamwambia kazini, nje, dakika kumi. Gesi inaruhusiwa? Hairuhusiwi. Basi gesi tumeiondoa, akasema, akasukuma kimoja pembeni ya meza.

Unatumia peke yako au na watu? Peke yangu. Basi hiki chenye tumbo kubwa kimeondoka, utakuwa unapoteza majani.

Macho yako yanaonaje karibu? Nikasema vibaya. Nani atakusafishia? Mwenyewe. Akaondoa kingine chenye skrubu ndogo ndogo.

"Majani gani?"

Hapo nikasita, nikaona atanidhania vibaya. Nikasema mnanaa, mkaratusi, na tumbaku kidogo mwanzoni.

"Usione haya, bwana. Anayetaka bangi huwa haketi kunywa chai, anaangalia mlango."

Ndipo akaniuliza mfuko wangu unasemaje. Mwisho kabisa, baada ya yote. Nikamtajia. Akaguna, akasema hauko mbaya hauko mzuri.

Mezani vikabaki viwili. Kimoja kina betri ya kuchaji na kigurudumu cha kuchagua joto, unaweka namba unayotaka. Kizuri sana. Kizito kama tofali, na kilipita mfuko wangu kwa mbali. Cha pili kilikuwa kiboksi cha mbao, kinaenea kiganjani, kinaingia betri moja ya kawaida ya kuchaji, zile za tochi. Kina kimrija cha kioo cha kuvutia. Hakina namba, hakina taa.

"Hiki watu wananirudishia," akasema Kanubhai. "Sikufichi."

"Kwa nini?"

"Joto lake linaongozwa na pumzi. Ukivuta haraka, hewa inakipoza, hupati kitu. Ukivuta kwa nguvu mara unaachia, unaunguza. Kinataka mtu avute polepole, sawasawa, muda mrefu bila kukatisha. Vijana hawawezi. Wananiambia Kanubhai umeniuzia kibovu."

Nikamwambia nipe.

Akatia mnanaa mkavu, alioukausha na kuusaga mwenyewe, akabonyeza betri. Mimi nikakaa wima kama nilivyofundishwa Ngamiani na mwalimu wangu wa bendi, mabega chini, tumbo ndio linafanya kazi. Nikavuta. Polepole. Kifua kilikuwa kibovu, hakikufika mbali, lakini kilivuta sawasawa.

Mvuke ukaja. Mwepesi, mtamu, hauunguzi.

Kanubhai akaweka kikombe chini. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Cleaner."

"Kabla ya hapo."

"Napuliza tarumbeta."

"Sasa mbona hukusema? Tungemaliza zamani."

Kile cha kigurudumu kingewafaa watu wengi kuliko mimi. Mimi kigurudumu changu ninacho tumboni. Kiboksi kikaingia kwenye mfuko wangu, chenji ikabaki ya betri mbili za akiba na pakiti ya mnanaa.

Akanifundisha kusafisha: kimrija unakilaza kwenye spirit, kwenye mbao unatumia brashi kavu. Akanionya nisitie kitu kinachoyeyuka. Sikumwambia habari za ubani. Kuna mambo mtu anabaki nayo.

Wakuu, mimi si daktari, nisinukuliwe vibaya. Nilimpelekea yule nesi wa Kighana aone. Akakigeuza geuza, akasema, "Mister Bakari, mapafu yanataka hewa tu. Hii sio dawa. Lakini kama ni ngazi ya kushukia, shuka. Usijenge nyumba kwenye ngazi."

Nikashuka. Mwanzo tumbaku kidogo na mnanaa mwingi, patch nikapunguza kwa ushauri wake. Kisha tumbaku robo. Kisha mnanaa na mkaratusi mkavu tu. Terry akichungulia nje ananiona nimekaa na kiboksi, ananiuliza kama napiga kinanda cha mdomo. Masudi akaomba ajaribu, akavuta kama anavyovuta sigara, hakupata kitu, akasema kibovu. Nilifurahi kuliko alivyojua.

Kila nikienda kwa nesi ananipulizisha kile kibomba cha kupimia pumzi, chenye mshale. Mwezi wa tatu mshale ulisogea kidogo. Wa nne ukasogea. Wa tano nesi akatoa miwani, akaniambia puliza tena. Nikapuliza. Akaenda kumwita mwenzake aje aone. Sikumbuki ilikuwa namba ngapi, ila nakumbuka walivyopeana mikono mbele yangu.

Tarumbeta nikaishusha kabatini. Sauti ya kwanza ilitoka kama mbuzi amekanyagwa mguu. Nikawa nafanyia mazoezi kwenye kibanda cha bustani, nimeziba mdomo wa tarumbeta na soksi kwa ajili ya majirani. Dakika moja. Dakika mbili. Mwezi wa sita nikamaliza wimbo mzima bila kukaa. Mama Zuhura alikuwa anaanika nguo nje. Niliona kibanio kimebaki mkononi mwake hajakibana popote.

Mwezi wa saba nilikuwa sihitaji kile kiboksi isipokuwa mara mojamoja. Nikaenda kwenye mazoezi ya bendi bila kualikwa. Kijana wa Leicester alikuwepo, kijana mstaarabu, simsemi. Chande akaniona na begi.

"Mwavuli hauji na begi, Bakari."

Nikatoa tarumbeta, nikakaa wima, nikapiga. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Mpiga ngoma, mzee mtulivu asiyesema sana, akamwambia Chande, "Mwavuli mpe kijana."

Na Chande, namtaja kwa ubaya na hili nalitaja vile vile, akavua kofia.

Siku ya harusi jua lilitoka, jua la kweli. Bibi harusi anatoka kwetu, anapita mtaa wa nyumba za kubanana, anavuka soko, anaingia ukumbini. Mwendo wa kama robo saa kwa hatua za harusi. Zuhura alikataa gari. Kijana wa Leicester ameshika mwavuli, tena anaushika vizuri. Mama Salha anarusha maua, anapiga vigelegele, udi umetangulia mtaa mzima.

Nikainua tarumbeta.

Wakuu, sina maneno ya shule ya kuelezea. Wale wauza matunda sokoni waliacha kuita wateja. Wamama wa Kipakistani wakatoka madukani na simu. Mzungu mmoja mzee alivua kofia akidhani ni maiti inapita, kisha akaona watu wanacheza, akacheza na yeye. Pumzi ilikuwa inakuja yenyewe, natoa inarudi, natoa inarudi, kama haijawahi kwenda popote. Nikafumba macho.

Nikasikia mtu ananivuta koti. Sikuacha. Akanivuta tena. Nikafumbua jicho moja, ni Chande, jasho linamtoka.

"Bakari. Bakari, we. Ukumbi tumeupita."

Nikageuka. Kweli. Mlango wa ukumbi uko nyuma kule, mashehe na wakwe wamesimama nje wanatutazama tunavyopotelea. Nimemvusha binti yangu, bendi nzima na wageni wote mpaka kituo cha basi. Zuhura ameshika viatu mkononi, anacheka mpaka wanja unamtoka, mama yake amemshikilia asianguke.

"Baba, where are you taking me?"

Nikamwambia nisamehe mwanangu, pumzi imebaki nyingi.

Tukageuza. Nikapiga tena mpaka mlangoni.

Basi ndugu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Usianze na iliyo bora, maana haipo. Anza na wewe mwenyewe: utatumia wapi, na nani, majani gani, macho na mikono yako ikoje kwenye kusafisha, na unavuta vipi. Uliza moto unakotoka. Majani yawe makavu, na chochote chenye utomvu kiache kwenye chetezo. Mfuko utaje mwisho, vitakuwa vimeshabaki viwili au kimoja, na hapo hata muuzaji hakudanganyi sana. Na kama ni ngazi ya kushukia sigara, hesabu siku ya kuteremka nayo.

Wenye uzoefu karibuni mseme, hasa mlioacha kwa njia nyingine, na mnaotumia zile za kigurudumu mniambie kama betri inadumu. Wa vicheko vya bangi nanyi karibuni, ila kila mmoja kwanza ataje anaweza kupanda ngazi ngapi bila kusimama.